Masomo Manne ya Emerensiana

Fomu nzima Emerensiana alikuwa ameijaza, isipokuwa sehemu moja tu: idadi ya masomo atakayosoma kwa posta muhula huo. Nje ya ofisi ya kata, hapo Mwazye, lori la kwenda Sumbawanga lilishawashwa, na mfuko wa barua ulikuwa ukimngoja yeye.

Alikuwa mwalimu wa UPE, mmoja wa wale waliomaliza la saba wakapewa chaki na darasa lenye watoto tisini. Chuo cha ualimu alichokitamani kilidai mtu awe amefaulu masomo manne, na hakikupokea aliyetimiza miaka thelathini. Yeye angeitimiza mwakani. Akichukua mawili mawili, umri utampita. Akichukua manne akachelewa kutuma majibu ya kazi mbili tu, anafutwa, kwisha habari.

Na shamba je? Mvua za muhula huo ndizo za kulima intumba, matuta ya mviringo yanayofukiwa majani ndani, na jembe halisubiri mtu amalize Jiografia. Mumewe, Ignasi, alikuwa mbali, Kipili ziwani, kwenye maboti. Nyumbani walibaki yeye na mama mkwe wake, Cornelia.

"Andika mawili, mwalimu," alisema Tadei, mratibu elimu wa kata. "Mshika mbili moja humponyoka, sembuse nne."

Cornelia alikuwa kwenye benchi mlangoni, jembe miguuni. Alasiri tatu kila wiki mama huyu alikuwa mwanafunzi wa mkwewe katika kisomo cha watu wazima. Alijiunga kwa sababu moja: azisome mwenyewe barua za mwanawe, maana aliamini Emerensiana akimsomea anaruka mistari. Na kusema kweli, alikuwa anairuka. Sasa bibi alishaanza kuunganisha silabi.

Dereva akapiga honi. Emerensiana aliishika kalamu.

"Manne yanataka muda gani?" Cornelia aliuliza.

"Kila siku nikitoka shule, Mama, mpaka giza."

"Basi kisomo naacha. Zile alasiri tatu nitalima sehemu yako. Andika manne."

"Mama, umebakiza kidogo tu utasoma."

"Mimi nitapokelewa chuo gani?"

Emerensiana alipaswa kukataa. Alijua hivyo, na bado moyo wake uliruka kwa furaha kabla huruma haijafika, akaona aibu. Honi ikalia tena. Akaandika nne. Tadei akatikisa kichwa, akatia sahihi, na mfuko ukapandishwa kwenye lori.

Alifaulu yote manne, akaenda chuo, akarudi mwalimu kamili. Cornelia hakurudi darasani. Mvua zilipokwisha alisema macho yamechoka, na Emerensiana hakumbembeleza. Bibi alikufa bila kusoma barua hata moja ya mwanawe. Watu walipomsifu mwalimu kwa juhudi zake, alishukuru tu. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba siku ile alikuwa na nafasi ya kuandika mawili.