Kidole Gumba cha Afande Yekosofati

Askari magereza Yekosofati hakuumwa na mbwa wala nyoka. Aliumwa na mtu. Ilikuwa mwaka 1996, Jinja, alipokuwa akiwaamulia wafungwa wawili waliopigana. Mmoja akamzamishia meno kwenye kidole gumba cha kulia.

Hospitali akaona mbali. Akanunua kapsuli za ampisilini dukani, na unadhani alizimeza? Thubutu! Alizipasua akamwaga unga kwenye kidonda, kama walivyofanya kambi nzima. Mkewe, Docus, akamsihi, "Baba Phiona, twende kwa daktari." Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya sita kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi, kinanuka, na homa imemlaza. Ndipo akaanza kuzimeza. Siku tatu, hola.

Docus hakumwomba tena. Alimpandisha basi mpaka Mbale, kwa dada yake Nangila, muuguzi. Daktari wa huko alipasua jipu, akatoa usaha, akasema wazi: "Afande, nakuandikia dawa nyingine. Ijumaa nisipoona nafuu, kidole nakikata kabla hujapoteza mkono."

Sasa hofu ikamwingia kweli. Alipozitazama tembe akauliza, "Shemeji, hii amoksilini si ndugu yake ile iliyoshindwa?"

"Ni ndugu yake," Nangila akajibu. "Ila vijidudu vyako vinatoa kimeng'enya, kitu cha kuivunja dawa kabla haijaviua. Humu mna dawa ya pili, klavulaniki. Yenyewe si ya kuua. Kazi yake kukizuia hicho kimeng'enya, mwenzake apate nafasi."

Yekosofati akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. "Kama sisi kazini! Mmoja anashika mikono, mwingine anatia pingu."

"Haswa. Na ole wako uzisage umwage juu ya kidonda!"

Akameza kwa saa zake, baada ya chakula. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu homa ikashuka. Ijumaa daktari alifungua bandeji, akabonyezabonyeza, akamwambia akikunje kidole. Kikakunjika, kwa uchungu, lakini kikakunjika.

"Maliza dozi yote," daktari akasema. "Sikati kitu."

Mungu mkubwa! Yekosofati alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Docus akaangua kilio palepale.

"Nini tena, Mama Phiona? Si nimepona?"

"Wiki nzima nimekuwa nikijaribu kufunga vifungo vya shati lako bila kidole gumba," akasema, "nione kama utaweza. Haiwezekani, Baba Phiona. Nimejaribu."