Goti la Babu na Bunduki Yake

Goti la babu lilikuwa linalia ko. Si kila hatua, ni pale tu alipokuwa anainuka kwenye kigoda: ko, kama mtu amevunja bua kavu la mahindi. Mpaka leo nalisikia vizuri. Likishalia, nilikuwa najua anakwenda nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba alikuwa anavuta bangi. Nalisema hivi hivi kwa kuwa mwenyewe kaniruhusu kuliandika. Aliumia goti akiwa jeshini, kijana bado, na tangu alipostaafu dawa yake ilikuwa hiyo. Hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa anarudi amelainika, anaisifu chai yangu hata kama nimesahau sukari.

Shamba letu liko pembeni ya Mikumi, upande wa hifadhi, na nyani wanaliona kama la kwao. Babu alikuwa na bunduki yenye kibali. Akifyatua moja hewani, nyani wanahama, na majirani wanavuna kwa raha. Mimi niliishia kidato cha pili, nauza nyanya kwa madereva wa malori, na kila lori likisimama naiona nyumba yangu ya wageni nitakayojenga, mapazia ya njano, maua mlangoni. Wengine wakinisikia wanacheka. Babu yeye alikuwa ananiuliza, "Mchumba, leo umefika wapi? Umeshapaua?"

Basi tukasikia wastaafu walioumia kazini wanaitwa Kilosa kupimwa ulemavu wao. Anayeonekana bado mlemavu atatibiwa na pensheni itaongezwa. Nilifurahi mimi. Babu hakufurahi. Kwenye basi ndipo akaniambia, mdomo karibu na sikio langu, sababu yake.

"Bangi ni kosa, na mvuta bangi haachiwi bunduki. Nikisema, imekwenda. Nisiposema, wataliona goti ni zima, maana nikishavuta haliumi."

"Si ungeacha kuvuta leo tu, mume wangu?"

"Kituo cha basi ningefikaje? Ungenibeba?"

Nilimshika mkono tu mpaka tukafika.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akamwamkia babu shikamoo, babu akaitikia marahaba na kumuuliza kwao ni wapi.

"Iringa, mzee."

"Mhehe? Ndiyo maana mbwa wangu asubuhi kagoma kunisindikiza."

Daktari akamwangalia juu ya miwani. "Kumbe nimeletewa Mngoni. Mfukoni umekuja na panya wangapi?"

Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya zamani, hao wanachekwa kwa kula mbwa, hawa kwa kula panya, na hapo nikajua tumepona au tumekwisha. Babu alizaliwa kwenye mashamba ya mkonge hapa hapa Kilosa, Songea hajawahi kuiona, lakini likija suala la utani ni Mngoni kuwazidi walioko huko. Wakachapana maneno, babu akamsimulia hata bunduki yake ya nyani, huku daktari analikunja goti na kulikunjua. Goti likakunjika vizuri, limetulia kabisa.

"Linauma?"

"Leo haliumi."

"Nyumbani unatumia dawa gani?"

"Bangi," babu akasema.

Daktari akacheka mpaka miwani ikamdondokea kifuani. "Nyie Wangoni! Mngekuwa mnavuta bangi kweli, sisi tungewapiga vita gani?" Akaendelea na kazi yake. "Mzee, mimi naona goti limepona. Mungu akupe nini tena?"

Kumbe ukweli ulikuwa umesemwa, ukapita kama utani. Babu angeweza kuinuka pale na bunduki yake salama, na hakuna ambaye angesema amedanganya. Nilimkanyaga mguu taratibu, twende. Hakuinuka. Alivua kofia akaiweka mapajani.

"Mtani," akasema, "utani tuuweke pembeni. Sasa nakuita daktari."

Yule mama akaacha kucheka.

"Navuta kweli. Hata leo nimevuta. Ndiyo maana goti liko kimya."

"Una bunduki, mzee, umeniambia. Nikiliandika hili, wanaohusika na kibali watalijua."

"Andika. Juzi jioni nimemlenga huyu mjukuu wangu. Alikuwa kwenye mahindi, mimi nikaona nyani."

Niliikumbuka ile jioni. Nilikuwa nachuma maboga, nikamsikia anauliza, "Ni wewe?" nikajibu ni mimi, halafu nikamkuta amekaa chini kwenye tuta, anasema amechoka tu. Pale kwa daktari nililia, lakini si kwa hofu. Nililia kwa kuwa alikuwa ameibeba siri ile peke yake tangu juzi huku ananiuliza habari za mapazia.

Daktari alimwambia arudi baada ya muda, bila moshi, ili alipime goti lenyewe. Akampa vidonge vya maumivu. "Na ukirudi umevuta," akasema, "huyo mbwa wako namla."

"Basi nitakuja naye, uchague kipande."

Bunduki aliipeleka polisi mwenyewe, akiwa amevaa shati lake zuri. Walimwambia wataitunza mpaka mambo ya afya yake yaeleweke. Tuliporudi kupimwa, goti lilimliza kwelikweli mbele ya daktari, na daktari akaandika kwamba ulemavu upo na matibabu yaanze. Babu alitoka pale anachechemea, anapiga mluzi. Sasa analala mpaka jua linachomoza, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe.

Ila nyani hawakuambiwa. Na nyani wa kwetu wanamjua mwanamke. Ukienda na kanga wanakutazama tu huku wanatafuna, wanayemkimbia ni mwanaume.

Asubuhi moja nilimwacha babu amelala. Nikavaa suruali yake, koti lake na kofia yake, nikaweka mpini wa jembe begani. Nilipofika shambani walikuwa wameshaingia, kidume wao amekaa juu ya kichuguu na hindi mkononi. Nikamwendea bila kusema neno, nachechemea mguu wa kulia kama babu. Akanitazama usoni kwa muda. Halafu akateremka, akalibeba hindi lake, akaondoka na wenzake.