Siku Redio Alipomwita Mwiko

Mume wa mdogo wangu watu humwita Redio. Kazi yake ni kutafsiri filamu katika banda la video alilolijenga mwenyewe kwa mabati. Anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, wageni wa kwenye filamu wanaongea lugha yao mle ndani, naye anatuletea ya kwetu. Na ana mtindo wake: wapiganaji huwapa majina ya watu waliokaa kwenye mabenchi. Fundi viatu akiuawa kwenye filamu banda zima linacheka, na mwenyewe anacheka kuliko wote.

Ila shujaa kijana hakuwahi kumpa jina la mtu mwingine zaidi ya mwanawe. Huyo tulimwita Mwiko, kwa wembamba wake na kile kichwa kipana. Tangu utotoni alikaa benchi la mbele, akimsubiri baba yake aseme, "Na huyu sasa ni Mwiko!" Alipokua akaingia jeshini kwelikweli, akapelekwa vitani. Simu zake zikawa za nadra, kisha zikakatika kabisa. Mdogo wangu akawa anauza tiketi mlangoni na simu imelala mapajani. Nami nikawa naenda kukaa naye, tusali kidogo kabla watu hawajajaa.

Jumamosi moja mchana ikaletwa filamu mpya ya wapiganaji wa kale. Kwa kawaida Redio huitazama kwanza peke yake, lakini siku hiyo watu walishaanza kugonga mabati, akaiweka hivyo hivyo. Ilikuwa filamu ya mapambo matupu. Vita vilichezwa kama ngoma, mikuki ikipita polepole, damu ikitawanyika hewani kama ushanga uliokatika uzi.

"Muuza mkaa huyo, kala mkuki wa tumbo!" Redio akatangaza.

"Nizikeni na gunia langu!" muuza mkaa akajibu, watu wakawa hoi.

Ndipo akatokea kijana mmoja mwembamba, shingo ndefu, ngao imemzidi. Redio mdomo ukamtangulia: "Na huyu sasa ni Mwiko!"

Banda likalipuka. "Mwiko! Wakoroge hao, Mwiko!" Mdogo wangu akainua kichwa pale mlangoni akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona siku nyingi.

Upanga ukaja. Ulikuja polepole vilevile, kama kwa wengine. Kijana akapiga magoti, kofia yake ya shaba ikabingirika, na kelele zikakatika ghafla.

"Redio, badilisha," fundi viatu akanong'ona. "Sema ni mimi. Mimi nimeshazoea kufa."

Redio hakuweza. Akakishusha kipaza sauti kifuani. Tukamsikia mgeni mmoja mzee mle kwenye televisheni akimwinamia yule kijana, akisema kwa lugha yake, na hakuna aliyeuliza anasema nini.

Mdogo wangu akapita katikati ya mabenchi. "Baba Mwiko, lete hapa." Akakishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili. "Huyo si Mwiko. Habari za Mwiko bado sijapewa. Huyo ni mtoto wa mtu."

Watu wakavua kofia. Muuza mkaa akasimama, wengine wakamfuata, na kwenye televisheni vita vikaendelea bila mtu wa kuvishangilia.

Redio bado anatafsiri, na vichekesho vyake havijaisha. Lakini anayeanguka sasa hapewi jina. Redio husema tu, "Mtoto wa mtu." Fundi viatu hunung'unika kwamba siku hizi hafi tena.

Simu bado imelala mapajani kwa mdogo wangu. Katika sala zetu humtaja Mwiko, kisha huwataja na wale wa akina mama wengine. Juzi nilimuuliza Redio kama ataliita tena lile jina.

"Nimeliweka, shemeji," akasema. "Atakuja kulichukua mwenyewe."

Nikasema amina.