Matuta Aliyoyaacha Mwalimu wa Muhula

Tuliokuwepo shambani siku ile ni wanne. Nilikuwepo mimi, mjane. Alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye tangu kaka yake atutoke ndiye msemaji wa mwisho kuhusu ardhi ya ukoo. Alikuwepo mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Kipili. Nilimlea tangu anaanza shule, na sasa ni mwalimu wa chuo kikuu. Wa nne ni jirani yetu Msukuma, aliyehamia huku na ng'ombe wake tukapakana mashamba. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya wazazi wao pia, lakini wameniomba nisiyaandike.

Mvua zilikuwa bado zinanyesha na nyasi zilikuwa laini. Kwetu Ufipa ulezi wa mwakani unaanza kuushughulikia mwaka huu. Unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazigeuza mizizi juu, unazirundika tuta la mviringo, ndilo sisi tunaloliita intumba. Juu yake unapanda maharage, ndani nyasi zinaoza taratibu. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, unayatawanya matuta na kumwaga ulezi. Kazi hiyo ina wakati wake. Nyasi zikishakomaa na kutoa mbegu, hata ukizifukia zinachipua tena.

Mjukuu wangu alikuwa ndiye anayegeuza. Shemeji alikuwa amemwambia mbele yangu, "Ukilimaliza shamba hili lote, nalitenga liwe lako. Lakini ulimalize."

Watu watashangaa, mwalimu wa chuo kikuu anahangaikia shamba la nini. Mimi nilishangaa kabla yao. Alipopata kazi ile, wanajumuiya wa kanisani walikuja kuimba nyumbani kwangu, nikawaambia ameajiriwa. Baadaye ndipo aliponieleza.

"Bibi, mimi ni wa muhula."

"Muhula ndiyo nini?"

"Wapo walimu wenye ofisi na funguo zao, wana bima, hata likizo wanalipwa. Halafu tupo sisi. Darasa ni lile lile, mitihani ni ile ile, tena madarasa makubwa wanatupa sisi. Likizo ikifika, hatupo."

Anafundisha historia. Akasema chuo kinaendeshwa kwa ada, na somo lisipopata wanafunzi wa kutosha linafutwa. Wengi siku hizi wanakimbilia masomo ya biashara.

Shemeji, aliyekuwa amekaa nasi, akamuuliza, "Kwa hiyo wanafunzi ndio wateja wenu?"

"Ndivyo wanavyosema kwenye vikao, babu. Ila vikao vyenyewe sisi hatuitwi."

Basi siku ile alikuwa amefika nusu ya shamba. Jirani akapita mpakani na ng'ombe wake wa kulimia, akasimama.

"Shikamoo bibi. Naona leo mnazika tena."

"Marahaba. Tunazika nini?"

"Nyasi. Nyie Wafipa mnazika nyasi kama mnazika chifu. Niacheni nipitishe plau hapo, mkapumzike."

Mjukuu wangu akainuka na jembe lake. "Na ulezi wako mwaka jana ulifika wapi, baba? Magotini?"

"Mwalimu, hayo ya ulezi wangu tusiyaseme mbele za wazee."

Tulikuwa bado tunacheka simu yake ilipolia. Mtandao pale unashika vizuri ukiwa juu ya kichuguu, akapanda huko. Aliporudi hakushika jembe.

"Ni mkuu wa idara. Wananitaka darasani Jumatatu."

Shemeji akauliza kama ana mkataba. Akasema atasaini akifika.

"Mwambie akusubiri umalize shamba."

"Babu, yule ana namba za watu wengi. Nikisema anisubiri anampigia mwingine, na muhula ujao hatanikumbuka. Amesema safari hii huenda wakanipa ajira ya kudumu."

"Si ndivyo alivyosema mwaka jana?"

Nikamuuliza mimi, "Mke mwenzangu, wewe mwenyewe unataka nini?"

Akakaa juu ya tuta. "Nataka kufundisha, bibi. Wakianza kuuliza maswali wale wanafunzi, nasahau kila kitu kingine."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Asubuhi yake akapanda basi.

Mimi na shemeji hatuna tena mgongo wa kugeuza nyasi. Tulijaribu, tukachoka. Nyasi zilipoanza kutoa mbegu, shemeji akamwita jirani apitishe plau nusu iliyobaki, apande maharage yake.

Kabla ya Pasaka nikamwona mjukuu wangu mlangoni na begi. Darasa lilikuwa limefutwa. Alikuwa ameshaanza kufundisha, hesabu ya waliojiandikisha ikaonekana ndogo, wale wachache wakahamishiwa kwa mwalimu mwenye ofisi.

"Wamekufukuza?" nikamuuliza.

"Hapana bibi. Anayefukuzwa ni yule aliyeajiriwa."

Akaweka begi chini, akaomba maji.

Tulipofika shambani, maharage ya jirani yalikuwa yameshachipua. Jirani mwenyewe alikuwepo, akavua kofia.

"Mwalimu, ningejua unarudi nisingegusa."

"Hukukosea, baba. Hata mimi sikujua."

Shemeji alikuja jioni. Namsifu kwa kuwa hakumzungusha. Akamwambia, "Matuta uliyoyageuza ni yako, aliyegeuza ndiye anayepanda, hilo halina ubishi. Lakini kulitenga shamba siwezi. Ardhi ya ukoo siwezi kumpa mtu anayeondoka simu ikilia."

"Nimeelewa, babu," akasema. Nadhani kweli alielewa, na hilo ndilo lililoniuma.

Mvua zilipoanza tena tukatoka mimi na yeye kutawanya matuta. Udongo ulikuwa mweusi, umeiva vizuri. Kazi yake ilikuwa safi. Hatujafika mbali, simu ikalia. Safari hii sikumuuliza anataka nini. Alinawa mikono akaenda kufunga begi.

Matuta yaliyobaki niliyatawanya mwenyewe polepole na ulezi nikaumwaga. Yeye yuko huko mpaka leo, muhula anaitwa, muhula haitwi. Shamba amepewa mtoto wa shemeji. Ningeweza kuvumilia kama angekuwa haipendi kazi ile. Anaipenda, nao wanajua anaipenda, ndiyo maana wanampigia siku yoyote wanayotaka. Na hapa nyumbani nilikuwa na sehemu moja tu ya kumshikiza, nayo imekwenda.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Shemeji anasema alimwahidi mjukuu wangu kumngoja mpaka Pasaka, ila nyasi hazikungoja. Mimi sikusikia neno hilo. Mjukuu wangu naye anasema simu ya pili ilimkuta jikoni. Mimi nilimwona shambani, lakini macho yangu ni ya mtu mzima. Wewe unayesoma, kama siku zile ulikuwa unapita njia ya Msanzi, kando ya shamba letu, ukaona vingine, njoo uniambie, tukae, nirekebishe.