Msala wa Bi Kazija na Wali wa Kijapani

Waliokuwepo siku ile nawataja kwa majina, asije mtu akasema nimemficha shahidi. Alikuwepo Bi Kazija, mama yake Hamadi, alikuwepo Mzee Vuai, ami yake Hamadi, mwenye ulimi kama wembe, na alikuwepo Hamadi mwenyewe (kwa desturi mposaji hakai kwenye mazungumzo ya posa yake, lakini mama yake alikuwa na magoti mabovu, hatembei bila ya kushikwa mkono). Walikuwepo wadogo zangu wawili, Salma anayeposwa, amekaa nyuma ya pazia, na Tatu, kitinda mimba wetu. Nilikuwepo na mimi, Makame, kaka yao, na laiti ningepewa hiari ningekuwa pahala pengine popote, hata chini ya gunia la karafuu kule bandarini Malindi nilikokuwa mchukuzi. Mpaka leo, nikipita mtaani Kikwajuni, wapo watu wazima wanaoninyooshea ulimi na kucheka.

Wazee wetu walitangulia mbele ya haki wakatuachia nyumba na sufuria. Mimi niliacha skuli nikabeba magunia, na jioni nikarudi kupika, maana wadogo zangu walikuwa hawajafika hata kimo cha jiko. Sijisifu, lakini wali wangu ulikuwa unachambuka, punje haimjui mwenzake, na majirani wanawake walikuwa wakija kuonja, wakiguna na kuondoka kimya. Kwa hivyo katika nyumba ile ukisema "Kaka" umemsema mtu mmoja tu.

Ndipo akaja Hamadi. Alikuwa amerudi kutoka baharini, msaidizi wa mpishi kwenye meli ya uvuvi ya Wajapani, amejaa visa na ana bati la biskuti ambalo ndani yake mna karatasi nyeusi nyembamba, kama kaboni ya mashine ya chapa. Siku moja akaja na mama yake kututembelea, akaomba jiko, akatandaza kijamvi cha vijiti si kikubwa kuliko kipepeo cha kupepea moto, akaweka karatasi yake nyeusi, juu yake wali aliounyunyizia siki, juu ya wali samaki wa kuchoma na tango, akaviringisha, akakata vipande, na kila kipande kikatoka na jicho katikati. Wadogo zangu walipiga makofi! Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani najifanya nafunga kamba ya kiatu (nilikuwa nimevaa ndara).

"Kaka!" Tatu akaita.

"Naam," nikaitika, nshanyanyuka.

"Si wewe. Nnamwita Kaka Hamadi, aniongeze."

Nikakaa tena. Nyinyi mnaonisikiliza mnaweza kusema ni jambo dogo, lakini mimi liliniingia kama mwiba wa chewa, na usiku na mchana nikawa nasikia "si wewe, si wewe." Posa ilipoletwa sikuwa na sababu hata moja ya kuikataa. Kijana anaswali, hana maneno, Salma anamtaka. Nikawaambia waje Ijumaa baada ya sala wachukue jawabu, na moyoni nikapanga kwamba jawabu watalipata, lakini kwanza watakula wali wa Kijapani nilioupika mimi, ili Tatu na Salma wajue kwamba kumbe ile haikuwa ajabu.

Uamuzi wenyewe mdogo ulioniponza ni huu: sikutaka kumuuliza Hamadi. Nilimtega tu kwa mbali siku moja, nikamwambia, "Ile nyeusi ile, nguo au nini?"

"Mwani tu, kaka," akasema. "Nikufundishe?"

"Wa nini? Mimi nnauliza tu."

Mwani! Nikacheka peke yangu, maana mwani ufukweni kwetu tunaukanyaga. Nikaazima baiskeli nikaenda mpaka Fumba, nikarudi na pakacha zima, nikautandaza juu ya paa la bati ukauke. Ukakauka, lakini haukuwa karatasi, ulikuwa kama wavu uliochanikachanika, una mchanga, na unanuka hivi kwamba paka wa mtaa walikuja kuuangalia wakaondoka.

Ijumaa ile nikawafukuza wadogo zangu jikoni. Mchele miaka ile ulikuwa wa kupangia foleni, na tuliokuwa nao ndio huo huo wa kuwapikia wageni. Nikaupika wote. Na mkono wa mazoea haukatazwi, nikautia tui la nazi, kwani wali mkavu mimi nampikia mgonjwa. Kisha nikakumbuka kwamba Hamadi alitia siki. Nikamimina siki, tui likakatika, wali ukawa na mabonge meupe kama mtindi. Na bado unachambuka! Miaka yote hiyo naomba wali usishikane, na siku nnayotaka ushikane ukakataa kabisa, ikabidi niusonge kwa mwiko kama ugali mpaka ukanyenyekea.

Sasa kijamvi sina. Nikaangaza huku na huku nikaona juu ya kabati msala mpya wa kuswalia umekunjwa vizuri, wa ukili mwembamba wa majani ya mkindu, una mistari ya zambarau na kijani, mzuri kweli. Nikajua ni kazi ya Salma, atakuwa amesuka wa kuuza, nami nitaupangusa kabla hajauona. Nikaulowesha mwani ulainike, nikautandaza juu ya msala, nikapakua wali wa moto na siki yake, nikaweka jodari wa kuchoma, nikaviringisha na kukaza kwa nguvu za mchukuzi. Nilipofungua, wali ulikuwa umekuwa wa zambarau. Ile rangi ya ukili ilikuwa imepita kwenye matundu ya mwani, imeingia mpaka kwa samaki. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikajiambia: Wajapani wanapenda rangi. Nikaendelea mpaka sufuria ikaisha, nikaukunja msala nikaurudisha juu ya kabati, nitaupangusa wageni wakishaondoka.

Wageni wakafika, nikaamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikaleta sinia mwenyewe na kufunua kawa kama ninayefunua hazina.

Bi Kazija akatazama. "Hiki nini, mwanangu?"

"Wali, Bi Kazija. Wa Kijapani."

"Wali? Umefiwa na nani wali huu, mbona umevaa kaniki?"

Nikasikia Tatu anacheka nyuma ya pazia, nikalitolea jicho pazia. Wakasema bismillahi, wakala. Kwanza nikasikia mchanga, kra, kra, kisha nikamuona Mzee Vuai anasita, anautoa ulimi na kuutazama kwa chini (mtu akitaka kutazama ulimi wake mwenyewe macho yanagongana, kama hamjui). Ulimi ulikuwa wa zambarau. Midomo ya zambarau. Bi Kazija naye akafungua mdomo kusema neno, na meno yake yote yalikuwa kama mtu aliyekula zambarau za msimu mzima.

"Makame," Mzee Vuai akasema taratibu, "kwetu mtu akiikataa posa husema hapana. Hapaki watu rangi. Kazija, nyanyuka twende zetu."

Sikuwa nimekusudia kukataa. Nilikusudia tu kushinda, na sasa naona posa ya mdogo wangu inavaa viatu inatoka mlangoni.

Salma kule ndani akadhani ataokoa jahazi. Nikamsikia anamnong'oneza Tatu, "Haraka, kampe mama ile zawadi yake." Tatu akaja mbio na msala mikononi, akaukunjua mbele ya Bi Kazija kwa furaha, na punje za wali zikadondoka, kipande cha jodari kikamwangukia mama wa watu mapajani, na mistari yote ya zambarau na kijani imeingiana, pamenuka siki na pwani.

"Kaka!" Salma akapiga ukelele. "Msala wa Bi Kazija! Miezi nnausuka!"

Mimi nilikuwa natafuta shimo la kujifukia pale ukumbini.

Hamadi ndiye aliyesogea. Alilivuta sinia kwake akaanza kula, kipande baada ya kipande, mchanga unalia mdomoni, rangi inamshukia kidevuni, na hakunywa maji. Akala mpaka sinia likawa jeupe (yaani zambarau). Kisha akajifuta akasema, "Siki imekaa sawa. Mimi melini nilipigwa miko mingapi kwa kukosea siki. Ami, mtu aliyetoa mchele wake wote wakati kama huu, hakatai posa huyo. Mwenye kosa mimi, kaka huyu sikumfundisha vizuri."

Akaniita kaka mbele ya watu wote. Na alijua kwa nini nilipika, nililiona jichoni mwake, wala hakusema, si siku ile wala mpaka leo.

Bi Kazija akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, na meno yale! Mzee Vuai akamtazama shemegi yake, akashindwa naye kujizuia. Nikasema kwa haraka, kabla hawajanyamaza, "Nimekubali. Salma nimemtoa."

"Kaka, lete maji!" Tatu akaita.

"Naam!" tukaitika wawili, mimi na Hamadi, na safari hii hakuna aliyeambiwa si wewe.

Lakini Bi Kazija alikuwa hajamaliza. Akanyanyua ule msala kwa ncha za vidole. "Jawabu nshalipata," akasema, "msala sijapata. Salma asisuke mwingine. Utanisukia wewe, Makame, kwa mkono wako."

"Mimi? Bi Kazija, ukili ni kazi ya wanawake."

"Na kupika je?"

Basi. Wivu ukiingia jikoni, mwenye nyumba atoke, na mimi siki siigusi tena hata kwenye kachumbari. Salma ana watoto sasa, na Hamadi akija kwangu namwachia jiko bila ya kununa (nanuna kidogo). Ukili ninao, nimeutundika nyuma ya mlango, mwanzo wake umepinda kama njia ya ng'ombe, na nimeshaufumua na kuusuka tena sijui mara ngapi. Kila sikukuu nikenda kumuamkia Bi Kazija huitika marahaba kwanza, akanishika mkono, akavigeuza vidole vyangu kuvitazama.

"Msala wangu, Makame?"

"Naam, Bi Kazija. Unakuja."