Ulimi wa Ndala

Fundi wa boti hutoboa tundu ubavuni, usawa wa sitaha, kisha hupigilia kwa nje kipande cha ndala kinachoning'inia kama ulimi. Maji ya sitahani hukisukuma yakatoka. Ya nje yakitaka kuingia, hukibana kikaziba tundu. Akimaliza hukipapasa kwa kidole gumba na kukisomea: "Toka, usirudi!" Mkewe ameshazoea kuvaa ndala zisizofanana. Leo fundi ameokota mlangoni ndala nene, mpira safi ajabu, akaikata huku anapiga mluzi, maana mama mkwe alikuwa anaondoka. "Toka, usirudi!" Akageuka. Mama mkwe huyo, begi mkononi, mguu mmoja peku. "Haya, mkwe wangu," akasema, akamrushia na ya pili. "Sitoki tena."