Usukani Baada ya Alasiri

Abdulatif aliendesha malori tangu ujana wake, kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma. Nyumba yake iko Makambako, maana huko ndiko alikomwoa Bibie. Majirani walimfahamu zaidi kwa honi kuliko kwa sura. Magoti yalipoanza kumsumbua, alirudisha funguo kwa tajiri wake, akaja nyumbani kupumzika.

Kupumzika kulimshinda. Alilala mpaka jua likamkuta kitandani, kisha akaingia jikoni kufunua masufuria na kuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Jioni alilalamika kwamba siku imekwisha na bawaba ya mlango haijatengenezwa.

Bibie, ambaye huuza vitenge sokoni, alivumilia mpaka siku aliporudi akakuta unga umehamishiwa kwenye ndoo ya mchele, na mchele uko kwenye beseni la kufulia.

"Baba Safina," alisema, akijizuia kucheka, "ulipokuwa na lori, alfajiri ulikuwa unafanya nini?"

"Nakagua. Maji, oili, matairi. Ndipo naondoka."

"Kila siku?"

"Kila siku. Gari halijali umelalaje."

"Basi tafuta kitu cha kukagua. Jikoni kwangu hakuna tairi."

Abdulatif alicheka, lakini maneno yale yalimkaa moyoni. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, hakurudi kitandani. Alivaa koti lake zito, maana upepo wa Makambako hauna adabu asubuhi, akaenda kwa jirani yake Hezekia, mkulima anayebeba viazi kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo chenye injini chini ya kiti. Gari lenyewe lilikohoa kila asubuhi, mtaa mzima ukisikia.

"Kamwene, mzee," Hezekia alimsalimu. "Mbona mapema?"

"Nyanyua kiti nione injini."

Alisafisha plagi, akakaza waya za betri. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Gari lilipoanza kuwaka bila kukohoa, Hezekia alimuuliza amfanyie nini kama asante.

"Niachie funguo jioni, ukishamaliza kazi zako," alijibu Abdulatif. "Mke wangu anazijua barabara zote za nchi hii kwa kusimuliwa tu. Nataka nimfundishe kuendesha."

Bibie alipoambiwa alidhani ni utani. Alipoona si utani, alitoa masharti: wajifunze baada ya sala ya alasiri, muda mfupi tu, na asifokewe. Akapata leseni ya kujifunzia. Ili afunge kibanda mapema, ilimbidi afungue mapema, kwa hiyo Abdulatif, akitoka kwa Hezekia, alichukua kazi ya kuteka maji na kuwasha jiko la mkaa. Bila yeyote kukaa kuipanga, siku yao ikapata mpangilio. Hata ile bawaba ilitengenezwa, kati ya chai na Bibie kwenda sokoni.

Mvua ikinyesha, walikaa ndani ya gari lililosimama, mume akimuuliza mke alama za barabarani. Miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kukaa pamoja kila jioni namna ile. Siku moja Abdulatif alisahau sharti akafoka, "Klachi, mama, klachi!" Bibie akazima gari, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Jioni iliyofuata mwalimu alifundisha kwa sauti ya chini kama mtu aliye msikitini.

Bibie alipopata leseni kamili, Hezekia aliwaazima kirikuu siku nzima waende Njombe kwa binti yao, Safina. Mwanzoni mwa safari Abdulatif alikanyaga breki isiyokuwepo upande wake. Baadaye mguu ukatulia. Akatazama miti na mashamba ya chai yakipita, vitu ambavyo dereva hapati nafasi ya kuvitazama, akamwambia mkewe kwamba barabara hii ni nzuri kuliko alivyokuwa akimsimulia.

Safina alitoka ndani akajifuta mikono kwenye kanga, akamwona mama yake nyuma ya usukani, akashika kiuno.

"Baba, na mimi unifundishe."

"Mwombe mama yako," alisema Abdulatif, akishuka taratibu. "Mimi siku hizi ni abiria."

Walikunywa chai, wakala viazi vya kuchemsha, wakaondoka kabla ukungu haujashuka. Bibie aliendesha tena.